Damu ya siku ya sifuri

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeeleza baridi, koti na chakula cha huko Marekani, ila hujasema kama uliwatoa damu lampri wako kabla ya sindano ya chanjo.

Lampri, samaki mrefu kama mkunga, ana taya? Hana, lakini damu yake huweza kushikamanisha bakteria hata kabla hujamchanja. Ukija kupima baada ya wiki nne, utajuaje ni kazi ya chanjo? Toa damu ya siku ya sifuri, kila samaki na kichupa chake. Wale wachanga wa kwenye mchanga hawawezi kutolewa damu mara mbili, basi tenga wenzao wa kulinganisha, wachome maji ya chumvi tu.

Sahani iwe ya vishimo vyenye kitako cha duara. Weka maji ya chumvi mikrolita 50 kila kishimo. Cha kwanza ongeza mikrolita 50 za seramu, yaani maji ya juu ya damu iliyoganda, changanya, hamishia 50 cha pili, hivyo hadi cha 11, kisha 50 za mwisho mwaga. Cha 12 kisionje seramu. Sasa weka kila kishimo mikrolita 50 za bakteria waliouawa kwa formalini, wakasafishwa mara tatu. Ukiharakisha hapo, formalini iliyobaki itaharibu majibu. Wewe na haraka nawajua.

Lala. Asubuhi usitikise. Walioshikwa hutanda chini kama utando wa uji uliopoa. Wasioshikwa huteremka wakawa kitone katikati. Wengi husoma kinyume. Kishimo cha 12 kikitanda, bakteria wameshikana wenyewe, sahani nzima tupa.

Na usinunue kingamwili za kutambua IgM, kingamwili ya samaki wenye taya. Hawa hawana IgM, wana VLRB, protini inayofanya kazi hiyo kwao, ya jamii ya VLR zilizotangazwa 2004. Molekuli moja ina vipande 8 au 10 vya aina moja, ndiyo maana hukamata bakteria wengi kwa mpigo. Umefika mbali kwa kitu ambacho hapa nilikiita mchezo wa mikunga. Niliyoyasema siku ile nilikuwa na usingizi.

Paa la jikoni linavuja tena, fundi anataka mabati mawili. Dagaa kilo mbili zimekauka vizuri, ziko kwenye ndoo yenye mfuniko mwekundu. Mdogo wako asizifungue.

Ile damu, niandikie leo.

Mama yako