Ni wiketi sita, Bwana Mhariri, si mikimbio sita

Bwana Mhariri,

Nimenunua gazeti lenu tangu nikiwa kijana wa kutumwa katika duka la vipuri, na miaka yote hiyo sijawaandikia hata mstari mmoja. Mlipokosea jina la mtaa wetu nilinyamaza. Mlipopandisha bei nilinyamaza. Hii ya juzi imenishinda.

Mnaikumbuka ile habari ya Kombe la Ranji, mashindano ya kriketi ya timu za majimbo ya India, iliyobanwa chini kabisa ya ukurasa wa michezo, ubavuni mwa tangazo la magodoro. Kichwa kilisema Madhya Pradesh "wabahatika". Ndani mkaandika kwamba wameifunga Mumbai "kwa mikimbio sita" katika fainali ya Bengaluru. Basi, mistari sita ikaisha. Msimu wa timu 38, ulioanza Februari 2022, ukakatwa katikati kupisha IPL, ile ligi ya India ya mchezo mfupi, ukamalizika Juni 26, nyinyi mmeumaliza kwa mistari sita, na ndani ya hiyo sita mmekosea mara mbili.

Nianze na kosa la hesabu. Katika kriketi mkimbio ndio pointi, na wiketi ni mpigaji mmoja kutolewa; kila timu ina wiketi kumi. Anayeshinda kwa mikimbio ni yule aliyepiga kwanza, mwenzake akashindwa kuifikia hesabu yake. Anayeshinda kwa wiketi ni yule aliyepiga mwisho, akaifikia hesabu na bado ana watu wa kuingia. Madhya Pradesh walitakiwa kupata mikimbio 108 siku ya tano, wakaipata wametolewa watu wanne tu, wiketi sita bado zipo. Watu waliomaliza kazi kwa nafasi mmewageuza waliookoka kwa tundu la sindano. Katika kampeni hizi za 2022, na uchaguzi ukiwa Agosti 9, hebu mwandishi wenu aandike kwamba chama fulani kimeshinda kwa kura sita wakati kimeshinda kwa viti sita, tuone kama ataingia ofisini kesho yake.

Niwaeleze lilivyonifika mimi. Jumanne ile nilikuwa barazani, Makadara, baada ya alasiri. Fainali nilikuwa nimeifuata siku zote tano kwa simu ya mjukuu wangu, na kila mpira nikauandika kwa penseli katika kitabu changu cha alama, maana kuandika alama ndiyo kazi niliyoifanyia klabu za kriketi hapa Mombasa maisha yangu yote ya Jumapili. Nikawa nawasimulia wenzangu jinsi Rajat Patidar alivyosimama mpaka mwisho na kupiga mkimbio wa ushindi. Kijana mmoja, wa heshima tu, sisemi kitu, akalikunjua gazeti lenu palepale juu ya benchi, akaweka kidole kwenye mstari, akanisomea: "Kwa mikimbio sita, ami." Nikamwambia wamekosea. Mzee wa rika langu akacheka, akasema, "Sasa tuamini gazeti au tuamini simu ya mtoto?" Nilirudi nyumbani kukichukua kitabu. Niliporudi muuza kahawa kashabeba birika lake na watu wameshatawanyika kwenda kuswali magharibi. Nilisimama pale peke yangu na kitabu mkononi, ukurasa umefunguliwa: Mumbai 374, Madhya Pradesh 536, Mumbai 269, Madhya Pradesh 108 kwa wanne. Kila nukta ya kila mpira uliopita bila mkimbio ipo. Asubuhi yake nikapiga simu chumba chenu cha habari. Aliyeipokea alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza wiketi moja ni pointi ngapi.

Lakini hilo ningelimeza. Kilichonikosesha usingizi ni neno "wabahatika". Bahati ipi, Bwana Mhariri? Katika mechi hizi kila timu hupewa zamu mbili za kupiga, na katika mechi za mtoano za Ranji, siku zikiisha bila mshindi, aliyeongoza katika zamu ya kwanza ndiye anayechukua. Madhya Pradesh walilijua hilo tangu siku ya pili. Mumbai walikuwa na 374, na Sarfaraz Khan peke yake alikuwa amepiga 134, kijana aliyekusanya mikimbio 982 katika msimu mmoja. Basi Madhya Pradesh wakaingia na hawakutoka. Yash Dubey akapiga 133. Shubham Sharma akapiga 116. Patidar akapiga 122. Walikaa jioni ya siku ya pili, siku ya tatu yote, na sehemu ya siku ya nne, jua la Bengaluru na mvua yake, wakawa mbele kwa mikimbio 162. Kuanzia hapo aliyepaswa kuhangaika ni Mumbai, aliyekuwa bingwa mara 41 kabla ya hapo. Sare haikuwafaa. Ilibidi wapige haraka haraka ili wapate nafasi ya kushinda, na anayepiga kwa haraka hutolewa. Aliyewatoa wanne ni Kumar Kartikeya, kijana aliyetoka kwao akiwa na miaka 15 kwenda Delhi kutafuta kriketi, akawa kibarua katika kiwanda cha matairi. Mimi nimeshika matairi miaka mingi, najua mikono ya kazi ile inavyokuwa usiku. Na kocha wao, Chandrakant Pandit, mnamjua? Mwaka 1999, katika uwanja uleule, yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa Madhya Pradesh katika fainali, wakaongoza zamu ya kwanza, kisha siku ya mwisho wakaanguka mbele ya Karnataka. Ameubeba uchungu huo miaka 23. Katikati hapo ameshaipa Mumbai kombe hili mara tatu kama kocha na Vidarbha mara mbili, kisha akarudi kwa waliomwona akishindwa, akalichukua nao. Mpira wa mwisho ulipopigwa alilia mbele ya kamera, mtu mzima wa miaka 60. Nyinyi mkaandika kwamba amebahatika.

Na huo ni mchezo mmoja. Msimu huu umetoa mambo ambayo hayajawahi kuonekana tangu kriketi ya daraja la kwanza, ile ya mechi za siku nyingi, ianze kuandikwa. Februari, Sakibul Gani wa Bihar alipiga 341 katika mechi yake ya kwanza kabisa. Bengal walipiga dhidi ya Jharkhand na wapigaji wao tisa wa kwanza, wote, kila mmoja akapita 50. Mmoja wao, Manoj Tiwary, alicheza akiwa waziri mdogo katika serikali ya jimbo lake, wizara ya vijana na michezo, na katika mechi hiyohiyo alipiga 136 zamu ya pili. Waziri wa michezo anavaa pedi anaingia uwanjani na kukaa humo saa kadhaa! Hilo peke yake, kwa nchi iliyo kwenye kampeni kama yetu, lilistahili nusu ukurasa na picha. Mumbai nao waliifunga Uttarakhand kwa mikimbio 725, tofauti ambayo haijawahi kutokea popote duniani. Na hiyo, Bwana Mhariri, ndiyo inayoitwa kushinda kwa mikimbio.

Tena yote haya yametokea baada ya mwaka ambao Ranji haikuchezwa kabisa kwa ajili ya korona, mara ya kwanza tangu ianzishwe 1934.

Mtaniambia India ni mbali. Haya. Timu mbili zilizocheza fainali ni Mumbai na Madhya Pradesh. Kuna mtu aliyezichezea zote mbili katika Ranji, naye ni Sandeep Patil. Patil huyohuyo ndiye aliyekuwa kocha wa Kenya mwaka 2003, tulipoifunga Sri Lanka pale Gymkhana, Nairobi, Collins Obuya akatoa watu watano, tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka huohuo Aasif Karim, mtoto wa Mombasa hii, alirudi uwanjani akiwa karibu miaka 40, akawatoa Waaustralia watatu huku akiwaachia mikimbio saba tu. Gazeti lenu lilizitoa picha hizo ukurasa wa mbele, ninazo mpaka leo ndani ya kabati. Mngekuwa na mtu mmoja tu pale ndani anayekumbuka, angewaambia kwamba fainali hii imechezwa na timu mbili zilizomlea kocha wetu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili lingine, maana ni mtoto wa tumbo moja na lile. Baada ya 2003 Kenya ilialikwa Karibiani, mwaka 2004, kucheza mechi za siku nne katika mashindano yao ya ndani. Mwaka 2005 tukafika fainali ya Kombe la Mabara kule Windhoek, mechi za siku nyingi pia, tukafungwa na Ireland. Leo Ireland wanacheza Test, mechi za kimataifa za daraja la juu kabisa. Sisi mwaka 2014 tulipoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Kila mwaka tunaambiwa tatizo ni pesa na viongozi. Ni kweli, lakini si lote. Mtoto wetu wa leo hajawahi kuambiwa akae uwanjani siku nzima. Anafundishwa ova 20, mipira 120 tu kwa kila timu: apige, atoke, anywe soda. Kukaa kama Dubey alivyokaa hakufundishwi katika mchezo wa saa tatu. Nilikuwa nawafundisha vijana wa shule moja hapa mjini, bure, Jumamosi. Walikuwa na kipande cha saruji na mkeka wa kuchezea, wazee walioukaza kwa misumari siku ya kwanza wengi wao wako kaburini. Siku moja nikafika nikakuta mkeka umekatwa vipande vinne vya kufutia miguu, vimewekwa kwenye milango ya ofisi, na juu ya saruji limeegeshwa basi la shule. Nilimuuliza mwalimu. Akaniambia kriketi haichezwi tena, mzee, hata magazetini haimo. Hivyo ndivyo alivyonijibu, na sikuwa na la kumrudishia.

Kwa hiyo sitaki mniombe radhi kwa ile aya. Ninataka mambo mawili. La kwanza, sahihisho, si lile dogo la ukurasa wa pili ambalo halisomwi na mtu, bali palepale chini ya ukurasa wa michezo, pembeni ya magodoro, na yaandikwe matokeo yote manne kama nilivyoyaandika hapo juu, kijana wa barazani ayaone. La pili, kila Jumanne tengeni kisanduku cha upana wa safu moja na urefu wa kidole cha shahada, kiwe cha alama za kriketi: ligi ya Nairobi, ya Mombasa, na Ranji ikianza tena. Alama tu, bila maneno. Na huyo mwandishi wenu aliyeniuliza wiketi ni pointi ngapi, mleteni Mombasa Jumapili moja, asubuhi saa tatu, akae na mimi chini ya mti nje ya mstari wa mpaka, na kitabu na penseli, aandike kila mpira mpaka jioni. Asiandike kwa kalamu ya wino, maana atakosea. Penseli ninazo, kifutio kipo, na chai ya maziwa na mahamri ya mbaazi ni juu yangu. Simu yangu mnayo, niliiacha kwa aliyenipokea.

Msomaji wenu wa zamani,
Makadara, Mombasa