Kwa Mama Furaha, kuhusu binti anayetaka uwakili

Mama Furaha mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Furaha na kwa watoto wote hapo Lexington, Kentucky. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unauliza kama Furaha anamaanisha anaposema anataka kuwa wakili, au ni maneno ya binti wa miaka 16 aliyechoka kuwasomea wazazi barua. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lenyewe ni zito. Hamu yake ni ya kweli, na imetoka humo humo kwenye barua.

Chukua barua moja tu, ile ya uhamiaji inayodai ushahidi zaidi kwenye ombi la I-730, ombi la mkimbizi kumleta mke, mume au mtoto aliyebaki nyuma, tuseme kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Mzazi anaona karatasi nne za Kiingereza. Mtoto aliyezoea anatafuta tarehe, namba ya risiti, kinachodaiwa, na siku ya mwisho ya kujibu. Muda wenyewe hauzidi wiki 12 na hauongezwi. Majibu yote yaende pamoja, kwa mara moja, na ile karatasi yao ya awali ikae juu kabisa. Ukituma cheti cha kuzaliwa leo na picha mwezi ujao, afisa ana haki ya kuamua kwa kile alichokipokea kwanza. Usipojibu kabisa, ombi huhesabiwa kuwa umeliacha, na linakataliwa. Karatasi ya Kifaransa au Kiswahili lazima iambatane na tafsiri nzima ya Kiingereza, na chini yake mtafsiri athibitishe kwa sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaimudu lugha hiyo. Tafsiri nzuri isiyo na uthibitisho huo haihesabiwi.

Mtoto anayekulia katika mambo haya anatambua mapema kwamba mtu anaweza kuwa na haki na bado akashindwa kwa sababu ya tarehe. Anaona kaka amekwama kambini kwa kuwa jina lake lina herufi moja tofauti kwenye karatasi ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, au kwa kuwa watu watano wa nyumba moja wote wameandikwa wamezaliwa 1 Januari. Halafu siku moja anaona mtu mmoja mwenye kalamu anaandika kiapo cha ukurasa mmoja kueleza herufi hiyo, anaambatanisha kadi ya chanjo na ripoti ya shule, na mlango unafunguka. Hapo ndipo watoto wengi wa wakimbizi wanapoanza kuutaka uwakili. Mimi naiona sababu hiyo kuwa bora kuliko kupenda suti.

Lakini kazi hiyo ya nyumbani inamwachia mtoto tabia mbili ambazo uwakili hauzitaki, na afadhali aanze kuziacha sasa.

Ya kwanza ni kulainisha maneno. Mwenye nyumba akisema, "Msipolipa kufikia Ijumaa nafungua kesi ya kuwatoa," mtoto humwambia baba, "Anaomba tulipe mapema." Anamlinda baba yake, na kwa kumlinda anamnyima habari ambayo ingemfanya atafute msaada siku ile ile. Mkalimani wa mahakamani hufanya kinyume: hasemi "anasema aliogopa," anasema "niliogopa," kwa nafsi ya mwenye maneno, matusi yakiwemo, na haongezi wala hapunguzi. Furaha ajizoeze hivyo hata dukani. Na kuna mahali ambapo hapaswi kutafsiri kabisa. Sheria ya afya ya 2010, kifungu cha 1557, inazitaka hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zimpe mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni zake haziruhusu kumtegemea mtoto isipokuwa kwa dharura wakati mkalimani bado anatafutwa. Wewe mwenyewe sema mapokezini, kwa Kiingereza chako hicho hicho, kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili. Binti hana haja ya kuwa wa kwanza kusikia majibu ya vipimo vya mama yake.

Tabia ya pili ni ya hatari zaidi: kuwajazia majirani fomu. Kuandika kile mtu anachokutajia si kosa. Kosa linaanza pale unapomchagulia fomu ya kutuma, au unapomwambia ajibu nini kwenye swali. Hapo umetoa ushauri wa kisheria bila leseni, na ukichukua dola 50 juu yake umejiongezea balaa. Kila fomu kubwa ya uhamiaji ina sehemu ya aliyetafsiri na aliyeandaa, wenye jina na sahihi. Wanaojificha wasijaze sehemu hiyo wanamwachia mwombaji mzigo wote. Nikupe mfano unaojitokeza sana katika jamii yetu. Familia imemlea mtoto wa marehemu shangazi tangu akiwa mchanga, na kambini aliandikwa kama mtoto wao wa kuzaa. Kwa desturi yetu hakuna uongo hapo. Kwa sheria ya Marekani, mtoto ni wa kuzaa, wa kambo, au wa kuasili kwa karatasi. Jirani mwenye nia njema akijaza "mtoto" tena kwenye fomu inayofuata, kipimo cha DNA kikidaiwa jambo hilo linageuka kuwa udanganyifu, na linaweza kuugusa hata uraia wa wazazi. Wakili angeeleza ukweli mapema na kusahihisha kumbukumbu.

Kwa hiyo kama Furaha anataka kuwasaidia watu kabla ya kuwa wakili, ipo njia halali ambayo wazazi wengi hawaijui. Wizara ya Sheria ya Marekani huidhinisha wawakilishi wasio mawakili, maadamu wanafanya kazi au wanajitolea katika shirika lisilo la faida lililotambuliwa na wizara hiyo. Shirika ndilo linalomwombea, kwa fomu EOIR-31A, likionyesha mafunzo aliyopata, ujuzi wake wa sheria ya uhamiaji na mwenendo wake mwema. Kibali cha sehemu kinamruhusu kuwakilisha watu mbele ya idara ya uhamiaji. Kibali kamili kinampeleka mpaka mahakama ya uhamiaji. Kila kibali hudumu miaka 3, kisha kinaombwa upya. Kwa sasa aende kwenye shirika la namna hiyo akajitolee kupanga majalada na kutafsiri vyeti chini ya usimamizi. Miaka miwili ya kazi hiyo itamfaa kuliko insha yoyote ya huzuni kwenye maombi ya chuo.

Sasa shule. Hesabu ni miaka 4 ya shahada ya kwanza, katika somo lolote linalomlazimisha kusoma na kuandika sana, halafu miaka 3 ya sheria. Jambo linalowaponza wengi ni alama za mwanzo. Anapoomba shule ya sheria, wastani wake huhesabiwa kutoka masomo yote ya chuo aliyosoma kabla ya shahada ya kwanza, pamoja na yale ya chuo anayoyachukua akiwa bado sekondari. Kama mwaka huu amejiandikisha masomo hayo, ayachukue kwa uzito au ayaache, kwa maana alama mbaya ya miaka 16 itasomwa akiwa na 22.

Mtihani wa kuingia shule ya sheria, LSAT, hutoa alama 120 hadi 180. Una sehemu nne za dakika 35: mbili za kupima hoja, moja ya kusoma kwa ufahamu, na moja isiyohesabiwa, ila mtahiniwa hajui ni ipi. Yale mafumbo ya kupanga watu na viti yaliondolewa Agosti 2024, kwa hiyo asinunue vitabu vya zamani. Kinachowaangusha waliojifunza Kiingereza ukubwani ni kasi, na kasi huja kwa kusoma makala ngumu kila siku kwa miaka, si kwa kozi ya wiki sita. Ada yake inaweza kusamehewa kwa wenye kipato kidogo. Aombe msamaha huo kwanza, kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu fedha uwe macho. Shule zingine hutoa ufadhili wenye sharti la kubaki juu ya wastani fulani, na kwa kuwa alama za sheria hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi, lazima wengine waanguke chini ya mstari. Kila shule iliyoidhinishwa hutangaza ni wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wa namna hiyo. Aisome takwimu hiyo kabla ya kusaini. Mikopo nayo imebanwa: kuanzia 1 Julai 2026 mkopaji mpya wa sheria hapati kutoka serikali kuu zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla.

Akimaliza kuna mtihani wa uwakili, na kuna uchunguzi wa tabia. Huu wa pili ndio unaowahusu ninyi wazazi. Wanauliza anwani zote, kazi zote, madeni yote. Familia nyingi zikikwama huandikisha umeme au simu kwa namba ya Social Security ya mtoto, namba yake ya hifadhi ya jamii. Bili ikilala, deni linamfuata yeye, na miaka kumi baadaye analieleza mbele ya kamati. Msifanye hivyo.

Uliogopa kwamba bila uraia hawezi kuwa wakili. Anaweza. Mwaka 1973, katika kesi ya Griffiths, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa Connecticut kumnyima mhamiaji uwakili kwa sababu tu si raia. Hata hivyo kazi nyingi za sheria katika serikali kuu zinataka raia. Na asidhani lazima afanye uhamiaji. Hapo hapo Kentucky ndipo ilipotoka kesi ya Padilla: dereva wa lori aliyezaliwa Honduras, aliyepigana Vietnam na jeshi la Marekani, alikiri kosa la kusafirisha bangi baada ya wakili wake kumwambia asihofu kuhusu uhamiaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa jinai lazima amwambie mteja asiye raia kama kukiri kutamfukuzisha nchini. Mtu aliyekulia nyumbani kwako hatasahau kuuliza swali hilo.

Jambo la mwisho ni lako wewe, na lina tarehe. Kwa mkimbizi, miaka 5 ya kuomba uraia huhesabiwa tangu siku aliyoingia, na N-400, fomu ya kuomba uraia, inaweza kutumwa siku 90 kabla ya miaka hiyo kutimia. Ukila kiapo cha uraia kabla Furaha hajatimiza 18, naye akiwa na grini kadi na anaishi chini ya ulezi wako, anakuwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu 20 Oktoba 2025, mtihani wa uraia wa historia na serikali ni maswali 20 ya mdomo kutoka orodha ya 128, na 12 yanatosha. Kanuni zinabadilika upesi siku hizi, kwa hiyo pitisheni ombi kwenye shirika lililotambuliwa kabla ya kulituma. Fungua I-94 yako, karatasi ya kuingia nchini, leo, uniandikie tarehe ya kuingia na tarehe ya kuzaliwa ya Furaha, tupige hesabu pamoja.

Ndimi rafiki yako,
Mama Daudi