Anayeuguza naye aitwe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wakuu wa hospitali zetu hapa Pemba, na papo hapo na jamaa wa wanaosubiri kupasuliwa. Maelezo ya kabla na baada ya upasuaji hupewa mgonjwa, tena mara nyingi kwa mdomo tu. Lakini anayepika chai alfajiri si yeye, wala anayekanda baada ya kurudi nyumbani si yeye, ni jamaa anayemuuguza.

Mgonjwa huambiwa "usile kitu", na majumbani kwetu chai ya maziwa haihesabiwi kuwa kitu. Kwa mtu mzima, chakula na maziwa vikome muda wa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi; vyenye mafuta mengi, kama biriani, saa 8. Maji au strungi, yaani chai isiyo na maziwa, kwa kawaida huruhusiwa mpaka zibakie saa 2. Aliyelazwa kwa dawa hawezi kukohoa, na kilichomo tumboni hupanda kikaingia mapafuni. Ndiyo maana kikombe kimoja kinaahirisha upasuaji. Basi saa ziandikwe: anayeingia saa 2 asubuhi, chakula mwisho saa 8 usiku, maji mwisho saa 12 asubuhi.

Dawa nyingi za presha humezwa asubuhi hiyo hiyo kwa funda la maji. Za sukari na za kuzuia damu kuganda zina hesabu nyengine, na pa kuuliza ni siku ya miadi, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mitishamba nayo itajwe, bila ya haya. Mgonjwa aoge kwa sabuni, lakini asinyolewe nyumbani: wembe huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana, na vijidudu hupita humo. Na mabibi, piko kwenye kucha huweza kukipotosha kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Muacheni walau kidole kimoja.

Kazi kubwa iko baada ya kutoka, hasa kwa mzazi aliyejifungua kwa kupasuliwa. Ngozi ya karibu na mshono huwa imekufa ganzi, kwa hiyo akikandwa tumbo kwa maji ya moto anaungua bila ya kuhisi, na kidonda kilichorowa hulainika kikafunguka. Tumbo liachwe. Kanga ya kufungia isibane wala isikae na unyevu. Uji wa pilipili manga hauna ubaya, ilimradi amesharuhusiwa kula. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usikandwe hata kidogo: huenda ni donge la damu, na likichomoka hukimbilia mapafuni. Huyo arudishwe hospitali saa hiyo hiyo, sawa na mwenye homa ya 38 na zaidi, usaha, harufu, au aliyeshindwa kukojoa.

Kumlaza kitandani siku nzima kwa huruma ni kumdhuru. Kama daktari hakukataza, asimame na atembee ndani ya saa 24, akikohoa ashikilie mto juu ya mshono. Ndoo ya maji asinyanyue kwa wiki 6 hivi.

Nyuzi za tumboni kwa kawaida hutolewa baina ya siku ya 7 na ya 14, na kituo cha afya cha jirani kinaweza kazi hiyo kikipewa barua yenye tarehe ya upasuaji, aina ya uzi na siku ya kutoa. Bila ya barua, mtu wa Kojani au Makoongwe hupanda tena chombo kuvuka, au hukaa na nyuzi mpaka ngozi izimeze.

Tunachoomba hakina gharama kubwa: karatasi moja ya Kiswahili yenye herufi kubwa, namba ya simu ya wodi inayopokelewa hata usiku, na anayeuguza aitwe mara mbili, siku ya miadi na siku ya kuruhusiwa. Asiulizwe kama amefahamu, maana atajibu ndiyo. Aambiwe aeleze mwenyewe atafanya nini usiku ule mgonjwa akipata homa.

Wauguzi wa wodi ya upasuaji,
Pemba