Mlitupatia mwanzo wa habari, mwendelezo uko wapi?

Mhariri,

Jumapili iliyopita gazeti lenu lilichapisha habari ya "nyota mfu inayotafuna sayari yake", pamoja na mchoro wa jiwe jekundu likipasuka mbele ya mwanga mkali. Mimi ni baharia mstaafu. Miaka mingi nilishika zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, na watu wa zamu hiyo nyota ni jamaa zao. Kwa hiyo nikaisoma habari hadi nukta ya mwisho, kisha nikairudia nikitafuta tarehe. Haikuwepo.

Nitawapa. Nyota yenyewe ni WD 1145+017, iko katika kundi la Mashuke, na umbali wake ni karibu miaka ya nuru 470. Darubini ya angani Kepler iliitazama mwaka 2014. Oktoba 2015, mtafiti Andrew Vanderburg na wenzake wakatangaza katika jarida la Nature kwamba mwanga wake hufifia kwa kurudiarudia, kila baada ya saa 4 na nusu hadi karibu 5, na mara nyingine hupungua kwa asilimia 40. Sayari ikikatiza mbele ya nyota, kivuli chake huingia na kutoka kwa mpango. Kivuli hiki kilikuwa kikiingia kwa ghafla na kutoka polepole, leo mara moja, kesho mara kadhaa. Hilo ni wingu la vumbi linaloburutwa na vipande vya mawe. Waliopiga hesabu baadaye walikadiria kwamba jiwe mama, yaani lile vipande hivyo vinakotoka, lina kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa Ceres, ile asteroidi kubwa kuliko zote kati ya Mirihi na Mshtarii. Neno "sayari" katika kichwa chenu cha habari lilikuwa la kuuzia gazeti.

Nyota yenyewe ni kibete nyeupe: kiini kinachobaki baada ya nyota ya aina ya Jua letu kumaliza moto wake, uzito wa zaidi ya nusu ya Jua ukiwa umeshindiliwa katika ukubwa wa Dunia. Kwa nini inavunja mawe, mtu wa pwani hahitaji kufundishwa sana. Mwezi huvuta upande wa Dunia unaouelekea kwa nguvu kuliko upande wa mbali, na ndiyo sababu maji ya Kilindini hujaa na kupwa, na siku za bamvua tofauti yake hupita mita 3. Sasa uondoe Mwezi, uweke kitu chenye zaidi ya nusu ya uzito wa Jua, kisha upitishe jiwe la kilomita mamia kwa umbali wa kilomita 800,000 hivi, yaani mara mbili tu ya umbali wa Mwezi kutoka kwetu. Upande wa mbele unavutwa, wa nyuma unaachwa, jiwe linachanika.

Uvutano huohuo hufanya madini mazito yadidimie ndani ya nyota, juu ikabaki haidrojeni au heli. Ndiyo maana chuma, kalsiamu, magnesi au silikoni vikionekana katika mwanga wake, ni lazima vimeanguka huko kutoka nje, na pengine bado vinaanguka. Mwaka 1917 katika kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, California, ilipigwa picha ya mwanga wa nyota ya van Maanen, nayo kibete nyeupe, kwenye bamba la kioo. Alama za kalsiamu zimo humo waziwazi. Kioo kikahifadhiwa karibu miaka mia kabla mtafiti Jay Farihi hajakiulizia na kikatambuliwa kuwa ushahidi wa kwanza kabisa wa mabaki ya aina hii. Wanaastronomia walikuwa nao mkononi bila kujua! Leo kwa njia hiyo wanapima mawe ya mifumo mingine yameundwa na nini, jambo ambalo kwa sayari nzima iliyo mbali ni gumu mno.

Sasa nije kwenye deni lenu. Mwaka 2024 Amornrat Aungwerojwit wa Chuo Kikuu cha Naresuan, Thailand, pamoja na Boris Gänsicke wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na wenzao, walitoa matokeo ya miaka 17 ya kuzitazama nyota tatu za namna hii. Moja ya darubini zao ni ile ya taifa ya Thailand, yenye kioo cha mita 2.4, mlimani Doi Inthanon. WD 1145+017, yule mla sayari wenu? Vivuli vimetoweka. Vumbi la mgongano wa miaka ile limetawanyika na nyota inang'aa zaidi taratibu. Nyingine, iliyoonekana tulivu, ikakutwa na dalili za msiba mkubwa wa karibu mwaka 2010. Mnatuambia "inatafuna" wakati sahani imeshaondolewa mezani.

Mabadiliko hayo yasingejulikana kama watu wangeridhika na tangazo la 2015. Kuna waliokesha bila mshahara: Bruce Gary, mjuzi asiye mwajiriwa wa taasisi, aliifuatilia nyota hiyo kutoka Arizona kwa darubini ya kioo cha sentimita 36 hivi, na vipimo vyake vikaingia katika utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu vipande vinavyolitangulia jiwe mama.

Katikati ya Machi, baada ya saa sita usiku, nyota hiyo hupita digrii 5 na nusu tu kaskazini ya utosi wa Mombasa. Kwa macho haionekani, ni hafifu zaidi ya mara 20,000 kuliko nyota ya mwisho tunayoweza kuiona. Na masika nayo huwa yanabisha hodi.

Ombi langu ni dogo. Habari ya sayansi iandikwe mwaka wake, na mnapoirudia mtueleze kilichofuata. Nafasi ikiwa finyu, acheni jiwe jekundu: michoro miwili ya mwanga wa nyota hiyo, wa 2015 na wa sasa, inatosha katika safu moja.

Afisa wa meli mstaafu,
Likoni, Mombasa