Kisiwa cha Perast kimejengwa jiwe kwa jiwe

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma zaidi ya miaka thelathini, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala ya safari ya Jumamosi iliyopita, ile ya fukwe za Adriatic, imenishinda kuinyamazia. Kanisa la Gospa od Škrpjela, yaani Bikira Maria wa Mwambani, lililo mbele ya mji wa Perast kule Montenegro, mwandishi wenu amelimaliza kwa sentensi mbili: ni kanisa dogo juu ya mwamba wa asili, lina picha za Kiitalia, robo saa yatosha.

Mwamba wa asili! Kisiwa cha asili ni kile cha jirani, cha Mtakatifu Georgi, chenye miti mirefu. Hiki cha kanisa wamekijenga watu. Wenyeji husimulia kwamba tarehe 22 Julai 1452 wavuvi walikuta picha ya Bikira Maria na Mtoto juu ya jabali lililochomoza majini, wakaapa kumjengea kanisa papo hapo. Tangu hapo aliyerudi salama baharini alitupa jiwe lake, na merikebu kuukuu zikajazwa mawe zikazamishwa, hadi ikapatikana ardhi ya mita za mraba 3,030 hivi. Mpaka leo, kila jioni ya 22 Julai, mashua za Perast hufungwa moja nyuma ya nyingine zikapeleka mawe pale. Wanaiita fašinada.

Na hizo picha "za Kiitalia" ni za Tripo Kokolja, mtoto wa Perast yenyewe, aliyezaliwa 1661. Picha 68 zimefunika kuta na dari, na ile ya kufariki kwa Bikira Maria ina urefu wa mita kumi. Mtu amepaka rangi kanisa zima la mji wake, nanyi mnampa sifa jirani!

Mimi nilifika pale nikiwa baharia wa meli ya watalii. Tulitia nanga Kotor, nikapata ruhusa ya saa nne, nikavuka kwa mashua kutoka Perast. Chini ya picha za Kokolja ukutani vimepangwa vibao vya fedha, kama 2,500, vya nadhiri za mabaharia. Nilisimama mbele ya kimoja kisichozidi kiganja changu: merikebu imelala ubavu, tanga limepasuka, mawimbi yamechongwa moja moja kama magamba ya samaki, na juu pembeni Bikira Maria ndani ya wingu. Mhariri, nililia. Mwaka mmoja baba yangu alikawia Pemba siku tisa na jahazi, na mama akaweka nadhiri. Nilikijua kibao kile kabla sijakiona. Nikiwa bado nafuta macho, mwongoza watalii alipiga makofi kuhesabu watu wake. Mmoja wao aliacha kikombe cha kahawa karibu na ile darizi mashuhuri ya Jacinta Kunić-Mijović, mwanamke aliyeshona miaka 25 akimngoja mpenzi wake aliyesafiri baharini, akitumia pamoja na nyuzi nywele zake mwenyewe, zilizokuwa za rangi ya dhahabu mwanzoni na nyeupe mwishoni. Nikakiokota. Mwongoza watalii aliona beji yangu ya kazi, akanikabidhi na vikombe vingine vitatu, akaniambia wahudumu wangoje nje. Nikangoja nje, juu ya mawe ya mabaharia wenzangu. Robo saa ilikuwa imekwisha.

Hapa kwetu nako si afadhali. Parokia yetu ya pwani ilikuwa na altare ya mninga iliyochongwa kwa mkono zamani za wamisionari, ina mizabibu na samaki wawili ubavuni. Kamati ikasema mbao zinaalika mchwa. Nilisema kwenye mkutano kwamba mchwa wana dawa, nikaambiwa nakwamisha maendeleo. Nimerudi safari nimekuta vigae vyeupe vya kung'aa, vilevile vya bafuni, na samaki wale wamekwenda kuwa kuni za kupikia ubwabwa wa sherehe ya kubariki vigae! Hakuna aliyewapiga picha, hakuna aliyeandika jina la fundi. Mzee mmoja tu ndiye aliyekuwa anamkumbuka, naye tumemzika. Ndiyo maana jina la Kokolja likirukwa gazetini mimi silali.

Naomba mambo mawili. Kwanza, sahihisho lichapwe ukurasa uleule wa safari, na jina la Tripo Kokolja liwe kwa herufi kubwa sawa na zile mlizoandikia jina la hoteli. Pili, mwandishi akirudi huko arudi tarehe 22 Julai, jioni, na asiende mikono mitupu. Jiwe ninalo hapa uani, la pwani yetu ya Tanga, ukubwa wa dafu, nimeshaliosha. Aje alichukue siku yoyote baada ya saa kumi alasiri. Nipo nyumbani.

Baharia mstaafu,
Tanga