Dawa zikiisha zahanati, tazameni kwanza oda

Ndugu Mhariri,

Dawa zikikosekana kwenye zahanati zetu za Tanga, lawama huwa na njia mbili tu: Bohari ya Dawa haikuleta, au mhudumu ameuza. Yote mawili hutokea, hatukatai. Lakini ipo sababu ya tatu ambayo haifiki gazetini kwa kuwa haina mwizi wala haina mkubwa wa kunyooshewa kidole: oda yenyewe ilikosewa. Kituo kiliomba kidogo, kikaletewa kidogo, kikaishiwa, na safari ya pili kikaomba kidogo vilevile.

Fomu ya taarifa na maombi, iwe ya karatasi au ya kwenye kompyuta, huuliza mambo machache kwa kila dawa: ulianza na kiasi gani, ulipokea kiasi gani, umetumia kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Kuna na swali la siku ngapi rafu ilikuwa tupu. Hilo ndilo linalorukwa, na ndilo linalotuumiza.

Tuchukue amoksilini ya vidonge vya rangi mbili, ile ya miligramu 250 inayokuja kwenye kopo la 1,000. Kituo kimetumia vidonge 4,000 kwa siku 60. Mwandika oda anagawa kwa miezi miwili, anapata 2,000 kwa mwezi. Hesabu imenyooka, ila dawa iliisha siku 20 kabla ya siku hizo 60 kutimia. Hivyo 4,000 vilitumika kwa siku 40, yaani 100 kwa siku, na mahitaji ya kweli ni 3,000 kwa mwezi. Sasa tuseme kituo kinatakiwa kijaze akiba ya miezi 4 na stoo kuna 1,500 zilizofika juzi. Kwa hesabu sahihi, 12,000 toa 1,500 ni 10,500, makopo 11. Kwa hesabu ya kuruka siku za ukame, 8,000 toa 1,500 ni 6,500, makopo 7. Tofauti ni makopo manne, na kwa matumizi ya 100 kwa siku hizo ni siku 40 za kumwambia mama mwenye mtoto mgongoni akanunue duka la dawa. Bohari ikileta makopo yote 7 kama yalivyoombwa, itahesabika imetimiza oda kwa asilimia 100.

Kosa la pili ni kipimo. Fomu inataka kopo, mtu anaandika vidonge. Fomu inataka kidonge, mtu anaandika boksi. Glovu za kupimia huja 100 kwenye boksi, lakini hizo ni glovu moja moja, kwa hiyo ni jozi 50. Anayedhani boksi moja linatosha wagonjwa 100 atashangaa katikati ya mwezi.

Halafu kuna dawa mseto ya malaria, na hapa hata wazoefu huteleza. Inakuja kwa pakiti nne kulingana na uzito: vidonge 6, 12, 18 na 24. Pakiti ya watu wazima ya 24 ikiisha, mtoa dawa mwenye busara humpa mgonjwa pakiti nne za watoto za vidonge 6, jumla 24 vilevile. Kitabibu hakuna ubaya. Ila leja inaandika kwamba pakiti nne za watoto zimetumika, wakati ya watu wazima inasoma sifuri. Oda ijayo inaomba za watoto kwa wingi na za watu wazima kidogo, na mchezo unaanza upya. Dawa yake ni kuandika pembeni ya leja kila zilipounganishwa au kukatwa, na wakati wa oda kuhesabu wagonjwa kwa uzito wao badala ya kuhesabu pakiti.

Tukiwa kwenye malaria, tusisahau mvua. Oda inayotayarishwa Machi hutegemea matumizi ya Januari na Februari, miezi ya kaskazi na jua kali. Masika ikishuka, mbu wanafuata, na wagonjwa wanajaa wiki kadhaa baadaye, wakati ule ule barabara za Pangani na za milima ya Usambara zinaposumbua magari. Wastani wa kiangazi hauwezi kulisha masika. Anayeandika oda ya Machi atazame leja ya Mei na Juni ya mwaka uliopita, siyo ya mwezi jana.

Wastani hauwezi pia kuongoza dawa za dharura. Magnesiamu salfeti, ya mama mwenye kifafa cha mimba, inaweza kukaa miezi mitatu bila kuguswa. Wastani wake ni sifuri, na mwandika oda anaandika sifuri. Au anaomba ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) mbili, “za kuwa nazo tu.” Dozi ya kuanzia peke yake ni gramu 14: gramu 4 kwenye mshipa na 10 kwenye misuli, tano kila upande. Kwa ampuli za gramu 5 hizo ni ampuli 3, kwa mgonjwa mmoja, kabla ya kumkimbiza Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali itakayoendelea naye, ikimpa gramu 5 kila baada ya saa 4 kwa saa 24, inahitaji gramu 30 nyingine. Jumla 44, ampuli 9. Basi dawa hii huombwa kwa kuhesabu wagonjwa kamili, siyo ampuli. Na huombwa pamoja na wenzake: maji ya sindano ya kuizimulia, mabomba ya sindano ya mililita 20, na kalsiamu glukoneti ya kuokoa ikizidi. Ampuli 9 kabatini bila maji ya sindano ni pambo.

Oksitosini nayo ina lake. Kila mama anayejifungua anachomwa uniti 10 kuzuia damu, kwa hiyo kituo kinachozalisha mama 60 kwa mwezi mara nyingi huomba ampuli 60. Lakini anayetokwa damu anahitaji zaidi ya moja, na ampuli huvunjika. Halafu inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kituo chenye friji inayozima umeme ukikatika kisilimbikize ya miezi minne. Ni afadhali kuomba kidogo mara nyingi kuliko kuchoma sindano iliyokwisha nguvu, kwani kwa macho haitofautiani na nzima. Tena isisukumwe hadi kwenye barafu.

Kuazimana pia kunavuruga. Zahanati ya jirani imekwama, unaipa vidonge 2,000. Ni ujirani mwema, wala hatusemi uache. Lakini ukiviandika kama vilivyotumika na wagonjwa wako, oda yako itavimba, na mwakani utakuwa unaita watu waje washuhudie dawa zilizopita muda zikiteketezwa. Vilivyoazimwa na vilivyoharibika vina safu yao ya marekebisho. Aliyeazima naye aandike, maana yeye ndiye mwenye mahitaji.

Kwenye hospitali kubwa, za rufaa na za kufundishia, ugonjwa ni huo huo ila umehamia wodini. Wodi huandika daftari la maombi kwa famasi kila siku au kila wiki. Muuguzi akishaona mara mbili ameomba kanula (vijibomba vya kuwekea dripu mshipani) 100 akapewa 40, safari ya tatu anaandika 250 ili apate 100. Famasi nayo, ikijua wodi zinapandisha, inazidi kukata. Mwisho wake hakuna anayejua wodi inatumia kanula ngapi. Kinachosaidia ni kila wodi kuwa na orodha yake yenye kiwango cha juu kilichokubaliwa na pande zote mbili. Mtu wa famasi anapita, anahesabu kilichopo, anajazia pengo. Daftari libaki kwa vitu vya dharura na kwa morfini na pethidini, dawa kali za maumivu, ambazo zina rejista yao, saini mbili na kabati la kufuli mbili, na hazichanganywi na oda ya pamba.

Mzigo ukifika, nao una mambo. Wajumbe wa kamati ya kituo huitwa, wakasaini, wakanywa soda. Tunaomba wahesabu. Kopo kwa kopo, dhidi ya hati ya kupokelea, na tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kwa sauti. Kinachokwisha mapema kikae mbele ya rafu hata kama kimeingia leo. Pungufu lolote liandikwe kwenye hati kabla gari halijaondoka. Ambacho bohari haina kisemwe hakipo kwa maandishi, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo inayokipa kituo ruhusa ya kwenda kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kujaza pengo la bohari, kwa utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Vituo vingi vinakaa wiki nzima vikisubiri dawa ambayo karatasi ilikwisha kusema haiji.

Kwa gazeti lako, Mhariri, tuna ombi. Mwandishi akifika kituoni kuandika habari ya dawa kukosekana, asiishie kwa wagonjwa walio kwenye benchi. Amwombe mganga mfawidhi leja ya dawa hiyo hiyo moja. Atazame siku salio liliposomeka sifuri, kisha atazame oda iliyofuata. Kama siku za sifuri hazikuandikwa kwenye oda, habari yake iko hapo hapo kituoni. Kama ziliandikwa, kipimo ni sahihi na oda ilitumwa kwa wakati, basi apande gari aende bohari akaulize.

Watunza stoo ya dawa,
Ngamiani, Tanga