Kitabu kilichozuiwa kisifie stoo

Mhariri,

Kitabu kinapoondolewa shuleni, kosa la kwanza hufanyika siku hiyohiyo: kinafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kutupwa sakafuni stoo. Kwa unyevu wa Tanga, msimu mmoja wa masika unatosha ukungu kuota kwenye gundi ya mgongo na kurasa kugandana. Mchwa humalizia.

Tena marufuku huja na kuondoka. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa shuleni, kisha ikaja kuwa kitabu teule cha fasihi sekondari. Aliyechoma nakala zake, hasara yake.

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 shuleni, vilitajwa kwa majina. Basi linganisha jina, mwandishi na namba ya ISBN (namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kitabu). Anayekagua kwa kutazama jalada tu huondoa visivyohusika na kuacha vinavyohusika. Kwenye rejista andika "kimezuiwa", tarehe na namba ya waraka. Ukiandika "kimepotea", mkaguzi atamdai mkutubi, na mkutubi hana kosa.

Kisha kabati la chuma lenye kufuli, sentimita 10 kutoka ukutani, vitabu visimame bila kubanana. Lifunguliwe mara moja kwa wiki siku kavu, saa moja hivi. Vyenye ukungu vitengwe, vikaushwe kivulini (si juani, karatasi itapinda), ndipo vifutwe kwa brashi laini nje ya chumba.

Ufunguo wa pili ukae ofisini kwa mkuu wa shule, maana walimu huhamishwa.

Msomaji,
Chumbageni, Tanga